Kupoa si kupona, lakini husaidia

Wanaoishi na maradhi ya kudumu huambiwa waamini, wasiwaze sana, na wameze dawa. Je, ni lipi kati ya hayo linaloponya?

Na Mwandishi Wetu

UKIULIZA hali mjini Salama, utajibiwa kwa jina la mji wenyewe. Msafiri anayeshuka matatu kwenye barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, chini ya kilomita mia moja kutoka jijini, atawaamkia wachuuzi wa matunda kando ya lami, naye atajibiwa, "Salama." Wazee wakipenda watasema kwa Kikamba, "Nesa," yaani vyema.

Hata hivyo, nyuma ya jibu hilo wamo watu ambao miili yao haijawa salama kwa miaka mingi. Yuko mama mwenye kisukari anayeuza maembe tangu asubuhi hadi magari yapungue. Yuko mzee wa shinikizo la damu anayelima ndengu na mbaazi. Yuko kijana wa kifafa aliyeacha shule kwa kuogopa kuanguka mbele ya wenzake. Na yuko dereva wa lori anayebeba tembe za kupunguza makali ya Ukimwi tangu Mombasa hadi Malaba.

Hawa si wagonjwa wa kulazwa kitandani. Wanalima, wanauza na wanalea watoto. Ugonjwa wao hauwaui leo, wala hauondoki kesho. Ni kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote na hataji siku ya kurudi kwao.

Kila mmoja wao amepewa ushauri wa aina tatu. Jirani humwambia, "Acha mawazo, mawazo ndiyo yanakumaliza." Mhubiri humwambia, "Amini tu, utapona." Muuguzi wa zahanati naye, akiwa na foleni ndefu mlangoni, husema, "Meza dawa, rudi baada ya mwezi." Mgonjwa hubaki njia panda. Akimfuata mmoja, huona kama amemkana mwingine.

Ukweli ni kwamba wote watatu wana jambo la kusema. Taabu huanza pale mmoja wao anapodai kuwa dawa nzima iko mkononi mwake.

Mawazo yanaugusa mwili

Tuanze na jirani. Je, ni kweli kwamba mawazo humdhuru mgonjwa?

Ni kweli, na sayansi inaeleza njia yake. Mtu anapopata hofu, kwa mfano lori linapompungia breki karibu na kivuko, mwili humwaga homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hudunda, damu husukumwa kwa nguvu, na sukari huachiliwa katika damu ili misuli ipate nguvu za kukimbia. Hofu ikipita, mwili hutulia.

Lakini kuna hofu zisizopita. Karo ya shule, mvua iliyokosekana msimu wa pili, deni dukani, mume asiyetuma pesa. Kwa mtu mzima wa afya, mambo hayo huleta uchovu na kukosa usingizi. Kwa mwenye kisukari, kotisoli inayokaa juu kila siku huweza kupandisha sukari hata kama hakugusa chai tamu. Kwa mwenye shinikizo la damu, usiku usio na usingizi huongeza mzigo juu ya moyo ambao tayari umelemewa.

Mwaka 1995, watafiti wa Ohio nchini Marekani wakiongozwa na Janice Kiecolt-Glaser walichapisha jaribio la kushangaza. Waliwachukua wanawake waliokuwa wakiwauguza jamaa zao waliopoteza kumbukumbu, kazi isiyo na likizo, wakawalinganisha na wanawake wa umri wao wasio na mzigo huo. Kila mmoja alitiwa kidonda kidogo kwenye mkono. Vidonda vya wauguzaji vilichelewa kufunga kwa takriban siku 9 zaidi. Ngozi ilikuwa ngozi, na kidonda kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana ni mzigo wa moyoni.

Kadhalika, madaktari wamegundua kuwa wenye kisukari hupatwa na sonona, ile huzuni nzito isiyoisha, karibu mara mbili zaidi ya watu wasio na ugonjwa huo. Mwenye sonona hana hamu ya kupika chakula kinachomfaa, hatembei, na husahau dawa. Sukari hupanda, naye huzidi kukata tamaa. Basi jirani hakukosea aliposema mawazo humaliza. Alichokosea ni kudhani kwamba mtu huacha mawazo kwa kuamriwa.

Tumaini nalo lina nguvu

Sasa tumsikilize mhubiri. Je, tumaini linaweza kuutuliza mwili?

Daktari Henry Beecher wa Marekani aliwahudumia wanajeshi waliojeruhiwa Italia katika Vita vya Pili vya Dunia. Aliona jambo ambalo hakulitarajia. Takriban robo tatu ya watu waliokuwa na majeraha makubwa hawakutaka sindano ya kuondoa maumivu walipoulizwa. Kwa maelezo yake, askari aliyekuwa akingoja kifo kila saa aliliona jeraha kama tiketi ya kurudi nyumbani akiwa hai. Raia mwenye jeraha kama hilo, ambaye kwake ni hasara tupu, angelia.

Mwaka 1978, watafiti wa San Francisco walikwenda mbele zaidi. Waliwapa watu waliong'olewa meno dawa bandia isiyo na kitu ndani, na baadhi yao walipata nafuu ya kweli. Kisha wakapewa dawa inayozuia kazi ya viondoa maumivu ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe. Maumivu yakarudi. Maana yake ni kwamba nafuu ile haikuwa uongo wala kujidanganya. Tumaini lilikuwa limeufungua mwili utoe dawa yake.

Wazee wa Ukambani hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Kulikuwa na ngoma ya kilumi, iliyopigwa na kuchezwa hasa na wanawake, nayo iliandaliwa pia kwa ajili ya mtu aliyesemekana kusumbuliwa na pepo. Ngoma ililia hadi usiku, majirani wakaja, na mgonjwa akawekwa katikati. Mundu mue, yaani mganga, aliupa msiba wake jina na kueleza chanzo chake.

Mtu wa leo anaweza asiamini habari za pepo. Lakini atazame kilichotendeka. Mgonjwa hakuachwa peke yake chumbani. Alisikilizwa. Ugonjwa wake ulikuwa jambo la ukoo mzima, si aibu ya kufichwa chini ya godoro. Hilo peke yake hutuliza moyo, na moyo ukitulia maumivu hupungua, usingizi huja, na hamu ya kula hurudi.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapotufaa. Tuna neno kupoa na neno kupona. Yanafanana kwa sauti, lakini hayako sawa kwa maana. Chai hupoa, hasira hupoa, na maumivu pia hupoa. Kupona ni jambo jingine.

Kikombe cha Samunge

Tofauti hiyo Afrika Mashariki iliiona kwa macho yake mwaka 2011. Katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, alisema Mungu alimwonyesha dawa katika ndoto. Ilitoka katika mizizi ya mti alioutaja kama mugariga. Kila mgonjwa alipewa kikombe kimoja, kwa shilingi 500 za Tanzania, na ilisemekana kikombe hicho kilitibu kisukari, shinikizo la damu, pumu, saratani na hata Ukimwi.

Umati uliokwenda huko haukuwa umeonekana. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi katika barabara ya vumbi, na watu walilala njiani siku kadhaa. Wakenya nao walivuka mpaka kwa mabasi, matatu na magari ya kukodi. Wanyonge walikwenda, na wakubwa wenye vyeo walikwenda. Mnamo Machi mwaka huo ilibidi Babu mwenyewe aombe watu wasiende hadi Aprili ili waliokwisha kufika wapungue. Wapo waliofia kwenye foleni, wengine wakiwa wametolewa vitandani hospitalini na jamaa zao.

Waliorudi wengi walisema wamepata nafuu. Tusiwacheke. Mtu aliyeishi na kisukari miaka kumi, aliyesafiri na maelfu ya wenzake, wakaomba pamoja, wakanywa pamoja, na akapokewa na mzee mpole asiyemkaripia, angekosaje kujisikia vyema? Moyo wake ulikuwa umepoa.

Hatari ilikuja baadaye. Baadhi walizitupa dawa zao. Sukari na shinikizo la damu havipigi hodi. Mtu hujisikia mwenye nguvu huku figo zake zikiharibika na mishipa ya ubongo ikikaribia kupasuka. Virusi vya Ukimwi navyo, dawa zikisimamishwa, huanza kuongezeka tena katika muda wa wiki chache tu. Madaktari wa Tanzania na Kenya walionya watu wasiache dawa. Wengine walisikia wakiwa wamechelewa. Babu wa Loliondo aliaga dunia Julai 2021, na foleni ile ilikuwa imekwisha siku nyingi.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Wasomaji wenye umri wanaikumbuka Kemron, dawa iliyotangazwa kwa shangwe na taasisi ya utafiti wa tiba nchini, KEMRI, mwaka 1990, wakati Ukimwi haukuwa na tiba yoyote ya maana. Wagonjwa wa mwanzo walisemekana kurudiwa na hamu ya chakula na nguvu. Majaribio yaliyofuata, likiwemo lililofanywa Uganda, hayakuona faida yake. Nafuu ya mwanzo haikudumu.

Jaribio la pumu

Mwaka ule ule wa Loliondo, 2011, madaktari wa Boston, Marekani, walichapisha jaribio ambalo kila familia yenye mgonjwa ingefaa kulijua. Waliwachukua wagonjwa wa pumu, wakawapa kwa zamu dawa halisi ya kuvuta, dawa bandia ya kuvuta, tiba bandia ya sindano za Kichina, na wakati mwingine wasipewe kitu.

Walipoulizwa wanajisikiaje, majibu yalikuwa karibu sawa kwa tiba zote tatu. Wagonjwa walisema nafuu yao ni karibu nusu, iwe dawa ilikuwa ya kweli au ya bandia. Waliokosa tiba yoyote walitaja nafuu ndogo zaidi. Lakini walipopuliza kwenye mashine ya kupima mapafu, mashine haikudanganyika. Dawa halisi ilifungua mapafu kwa asilimia 20, na zile nyingine kwa asilimia 7 tu, sawa na kutopewa kitu.

Hapo ndipo penye somo. Kifua kilijisikia kimefunguka, na mapafu yalikuwa bado yamebana. Mgonjwa wa namna hiyo akiiacha dawa yake kwa sababu anajisikia vyema, usiku wa baridi unaweza kumkuta hana pumzi wala dawa.

Makueni waliketi pamoja

Je, tuseme basi kwamba mganga na mhubiri wakae kando, na hospitali ifanye kazi peke yake? Wakazi wa Makueni wamejaribu njia iliyo bora kuliko hiyo.

Katika miaka ya 2010, Profesa David Ndetei wa Chuo Kikuu cha Nairobi, bingwa wa magonjwa ya akili, pamoja na wenzake wa shirika la utafiti wa afya ya akili alilolianzisha, waliendesha mradi katika kaunti hiyo. Waliwakutanisha wauguzi na maafisa wa kliniki na waganga wa kienyeji na waombeaji. Mwanzoni kila upande ulikuwa na lawama. Waganga walisema madaktari huwadharau. Madaktari walisema waganga huwakawiza wagonjwa hadi hali imekuwa mbaya.

Walipoendelea kuzungumza, walipata la kukubaliana. Watu walikuwa wakienda kwa waganga na waombeaji hata hivyo, kwa sababu wako karibu, wanajulikana, na wana muda wa kusikiliza. Basi waganga na waombeaji walifundishwa kuzitambua dalili za sonona na magonjwa mengine ya akili, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na kuwapeleka wagonjwa zahanati. Wauguzi nao walifundishwa kuuliza habari za moyo, si za mwili pekee.

Hilo ni jambo kubwa kwa mahali kama Salama. Mgonjwa anayetoka kijijini, akipanda matatu kwenda Wote au Machakos kumwona daktari bingwa, hutumia nauli na siku nzima ya kazi. Akifika na kuzungumziwa dakika tatu kwa ukali, hatarudi. Atamwendea anayemsikiliza. Ukali wa kliniki umewatoa watu wengi hospitalini kuliko ahadi za waganga.

Pesa nazo ni sehemu ya utulivu wa moyo. Mwaka 2016 serikali ya kaunti, chini ya gavana wa wakati huo Profesa Kivutha Kibwana, ilianzisha mpango wa MakueniCare, ambapo familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti, nao wazee waliopita umri wa miaka 65 hawakulipa. Mtu asiyelala akihesabu bei ya dawa hawezi kuambiwa apunguze mawazo. Mpunguzie gharama, na mawazo yatapungua yenyewe.

Familia ifanye nini?

Mpenzi msomaji, huenda wewe uko Nairobi, Mombasa au chuoni, na mgonjwa wako yuko nyumbani Ukambani au kwingineko. Haya ni mambo machache unayoweza kuyafanya.

Kwanza, pima, usikisie. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya ana shinikizo la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Kipimo kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, mara kwa mara, ni cha kumwona daktari. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023 wana mashine ya kupima shinikizo na ya kupima sukari. Mwombe wa kijijini kwenu apite nyumbani.

Pili, sali ukitaka kusali, lakini dawa ibaki mezani. Akisema amepona, mpongeze, kisha mpeleke akapimwe. Kama ni kweli amepona, kipimo kitasema, na daktari mwenyewe atampunguzia dawa. Dawa za kifafa hasa zisiachwe ghafla, kwani kuziacha kwenyewe huweza kuleta degedege kubwa na la hatari.

Tatu, mweleze mganga au mchungaji ukweli wote. Aliye mwema hatamwambia mtu atupe dawa zake. Anayesema zitupwe, huyo mkimbie, hata akiwa na jina kubwa. Daktari naye aambiwe kuhusu mizizi na majani yanayonywewa nyumbani, kwa maana mengine hugongana na tembe.

Nne, usimwambie mgonjwa aache mawazo. Muulize anawaza nini. Ukipiga simu nyumbani, usiishie kuuliza kama pesa ulizotuma zimefika. Muulize alilalaje, alikula na nani, na ni lini alitoka kwenda kwa jirani au kanisani. Mgonjwa aliye na mtu wa kumsikiliza huzikumbuka dawa zake na humfuata daktari wake.

Tano, mwili utendwe kazi. Kutembea kila siku, kupumua polepole kabla ya kulala, kupunguza chumvi na kuacha sigara ni dawa zisizo na bei. Hushusha shinikizo, huleta usingizi na humpa mgonjwa kitu anachokifanya mwenyewe, badala ya kungoja kufanyiwa kila jambo.

Sita, muuguzaji naye apumzishwe. Wale wanawake wa Ohio ambao vidonda vyao vilichelewa kufunga hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wakiuguza. Nyumba nyingi zina binti au mke mmoja aliyebeba kila kitu huku ndugu wengine wakituma salamu. Mshike zamu, hata kama ni ya siku mbili kwa mwezi.

Waswahili humwambia mgonjwa, "Ugua pole." Ni maneno ya heshima, na kwa maradhi ya kudumu ni maneno yenye hekima. Hayamwahidi mtu kwamba kesho ataamka mzima. Yanamtakia augue kwa utulivu, bila haraka na bila hofu, huku watu wake wakiwa karibu. Utulivu huo ni wa kutafutwa na kila nyumba yenye mgonjwa. Ukipatikana, asubuhi iwe ile ile: maji kikombeni, tembe mkononi, na siku ya kliniki imeandikwa ukutani.